Ng'ombe Asiyecheua

Chuoni, Kitivo cha Tiba ya Mifugo
3 Februari 1986

Shikamoo Baba,

Kaa vizuri kitini, maana najua Kitinda ndiye anayekusomea na miwani yako umeikalia tena. Mkuu wa kitivo aliniita ofisini juzi. Wanataka kunipandisha niwe profesa. Sijasema nimekuwa, nimesema wanataka, kwa hiyo usianze kuwatangazia wafugaji wako huko joshoni. Katikati ya mwezi wa tano nitasimama mbele ya jopo, nitoe mhadhara, kisha waniulize maswali mpaka waridhike au wachoke wenyewe.

Wameniomba nieleze nilikosoma na nilikofanya kazi tangu mwanzo. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Cheti cha afya ya mifugo. Halafu ile miaka ya kuzunguka wilaya nzima na baiskeli na sanduku la chanjo, wafugaji wakiniuliza, "Mama, daktari mwenyewe yuko wapi?" Halafu shahada ya kwanza, darasa zima wanaume na mimi peke yangu nimevaa gauni. Halafu mhadhiri msaidizi. Halafu ng'ambo kwa shahada ya pili, na hapo ndipo maelezo yanapokatika.

Mkuu ameniambia jopo litauliza kuhusu pengo hilo. Nitawajibu kwamba mama yangu aliugua, nikaacha masomo nikarudi kumuuguza, nafasi yangu ikachukuliwa na mtu mwingine, nikakaa miaka nikifundisha mwaka wa kwanza mifupa ya mbuzi. Wakitaka kujua kama najuta, sijuti. Baadaye nilipata shahada ya pili, nikapata na ya uzamivu, upasuaji wa tumbo la ng'ombe, na leo nasahihisha mitihani ya watu wenye ndevu.

Kitinda aliandika kwamba umepungua. Kupungua vipi? Huyo mtoto akishika randa anaongea siku nzima, akishika kalamu anakuwa bubu. Nijibuni vizuri.

Mwanao,
Mwalimu

*

Nyumbani
20 Februari 1986

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia wewe kwa sababu nimebanwa na sina wa kumwambia. Kaka yako anaumwa. Tumbo linamjaa, anakonda, na akienda chooni anatoka na damu. Nilimvuta mpaka hospitali ya wilaya kwa ugomvi. Daktari mpasuaji akampima, akapiga na picha, akasema kuna uvimbe kwenye utumbo mpana na anataka kuukata upesi. Amempangia siku.

Baba amegoma. Si kugoma kupasuliwa, amegoma kukubali mpaka apate neno la Dada. Anasema, "Huyu daktari kanijua leo. Mimi nina daktari wangu, nimemsomesha mwenyewe." Nikamwambia basi nimwandikie Dada kwamba unaumwa. Akanishika mkono, Shangazi, sijawahi kushikwa vile. Akasema Dada aliyaacha masomo kwa ajili ya Mama na ikamgharimu ujana wake, na safari hii hataki kuwa yeye wa kumshusha ngazi akiwa kwenye kipago cha mwisho. Ameniapisha kwa jina la Mama kwamba sitasema mpaka jopo lipite.

Sasa sikiliza alichobuni. Anataka niandike kwamba anayeumwa ni ng'ombe wetu, yule mwekundu mzee. Dalili zote niweke za kwake yeye. Dada atajibu kama daktari, na yeye atafuata jibu hilo. Nimecheka, halafu nikaona hacheki.

Nifanyeje?

Mwanao,
Kitinda

*

Nyumbani
22 Februari 1986

Dada mpendwa, shikamoo,

Hongera ya mapema. Baba anasalimia, yupo, ni uzee tu.

Nina shida moja. Yule ng'ombe mwekundu anaumwa. Amekonda, tumbo linajaa, kinyesi kina damu. Daktari wa huku amempapasa, anasema kuna uvimbe kwenye utumbo na anataka kumpasua. Baba anasema tusifanye lolote bila neno lako. Tafadhali jibu haraka, na jibu kama unavyowajibu watu wengine, usituonee haya.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Chuoni
5 Machi 1986

Kitinda,

Yaani wewe! Miaka yote nakuomba unieleze habari za nyumbani unaniandikia mistari miwili, leo ng'ombe kaumwa umejaza karatasi. Huyo ng'ombe ana bahati kuliko mimi.

Nijibu haya, moja moja, kama mwanafunzi. Ana umri gani? Meno yakoje? Anakula? Anacheua? Anajitenga na wenzake au yupo nao? Anasaga meno? Akilala, anainuka mwenyewe? Na huyo daktari anayetaka kumpasua ng'ombe mzee, kasomea wapi? Kama kapita mikononi mwangu nataka kujua jina lake, nimfute.

Nina mitihani ya kusahihisha mpaka kitandani, ila nitakujibu. Mwambie Baba ale. Unasema ni uzee, lakini uzee nao unataka kula.

Dada yako

*

Nyumbani
14 Machi 1986

Dada,

Ni mzee sana. Meno yamebaki ya kuhesabika. Anakula kidogo, akionja tu anasukuma pembeni. Anajitenga, hataki hata wageni wamwone. Anasaga meno tumbo likimkamata. Akilala anainuka, lakini kwa kushikiliwa.

Hacheui. Hacheui kabisa.

Daktari hakupita kwako. Ni mtu mpole, ana mikono mizuri. Anasema akikata mapema kuna matumaini. Siku aliyopanga ni mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo tunasubiri neno lako.

Dada, na kama ni mnyama ambaye watu wa nyumba wanampenda sana, jibu linabadilika?

Kitinda

*

Chuoni
25 Machi 1986

Mdogo wangu,

Halibadiliki. Hilo ndilo somo langu la kwanza kwa mwaka wa nne, na kila mwaka kuna mmoja anayelia.

Ng'ombe mzee, amekonda, ana uvimbe tumboni, na wiki zote hizi hacheui kabisa? Huyo ameshaaga, ni miguu tu haijapata habari. Kumpasua ni kumtesa. Kuna kupasua kwa ajili ya mnyama, na kuna kupasua kwa ajili ya mwenye mnyama asiyetaka kukubali, na hii ya pili nimeikataza darasani kwangu. Daktari wenu mwenye mikono mizuri aende akawapasue watu.

Mpeni kivuli, maji safi, majani laini, msimsumbue. Na kama kweli mnampenda, mchinjeni angali na nyama kidogo, msingoje abaki mifupa. Muulize Baba, atakwambia hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kutomwonea mnyama huruma ya kijinga.

Pole, najua mmemzoea.

Dada yako

*

Nyumbani
4 Aprili 1986

Shangazi,

Niliandika ile ya ng'ombe bila kungoja neno lako, na jibu la Dada limekuja. Nilimsomea Baba uani, amekaa juani na blanketi. Nilipofika pale Dada anaposema mchinjeni, nikaishusha karatasi. Akasema, "Soma, mbona umesimama?" Nikasoma. Akacheka mpaka akakohoa, akashika tumbo, akaendelea kucheka na machozi yanamtoka. "Huyo ndiye mwanangu," akasema. "Hajapepesa maneno. Umesikia alivyosema? Miguu tu haijapata habari!"

Nikapiga magoti, Shangazi. Nikamwambia Baba, amejibu kuhusu ng'ombe, wewe si ng'ombe. Akaniambia tumbo ni tumbo. Siku ya hospitali ilikuwa jana. Nilimwandalia shati, nikaazima gari la jirani. Hakuinuka kitini. Daktari mpasuaji alituma muuguzi kuuliza, Baba akamjibu kwamba ameshauriwa vinginevyo na mtaalamu.

Kitinda

*

Nyumbani kwa Shangazi
12 Aprili 1986

Wewe mtoto,

Barua zako zote mbili zimenifikia leo kwa pamoja. Mngekuwa karibu ningewachapa wote wawili, wewe na huyo kaka yangu. Ng'ombe! Mtu mzima na akili zake! Mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi mmeficha kwa zamu.

Mwandikie dada yako ukweli leo. Kiapo cha uongo hakimfungi mtu. Ningekuja mwenyewe lakini miguu imevimba, hata mlangoni nafika kwa fimbo. Ukinyamaza, siku moja atakuuliza kwa nini hukumwambia, na hutakuwa na pa kuweka uso.

Andika, mwanangu. Nakuomba.

Shangazi yako

*

Chuoni
16 Mei 1986

Babaaa!

Nimepita! Jana. Sikulala, nimevaa viatu vipya vimenichubua, nimeongea mpaka sauti imekauka, na nimepita!

Waliuliza kila kitu. Mzee mmoja mwembamba, yule anayeogopwa na kitivo kizima, akaniuliza kuhusu pengo. Nikamweleza ya Mama. Akaniuliza, "Kama ingetokea tena leo, ungefanyaje?" Nikamwambia ningewaacha hapa hapa mlipokaa, nikaenda zangu. Wakacheka. Nilidhani nimeharibu, kumbe hapo ndipo waliponipitisha.

Likizo ikianza mwezi wa saba nakuja. Nitakaa mpaka mnichoke. Wewe utakuwa wa kwanza kuniita Profesa, na ole wake atakayekutangulia. Kitinda mbona kimya? Yule ng'ombe aliishaje?

Mwanao,
Profesa (naomba uniruhusu mara hii tu)

*

Nyumbani
24 Mei 1986

Dada,

Barua hii nampa mwalimu wa shule anayesafiri leo, akukabidhi mkononi. Ukiipata, soma umekaa.

Hakuna ng'ombe anayeumwa. Yule mwekundu yuko zizini, mzima, anatafuna hata kamba. Anayeumwa ni Baba. Tangu mwezi wa pili. Tumbo, damu, uvimbe, vyote nilivyokuandikia ni vya Baba. Daktari niliyekutajia ni wa hospitali ya wilaya, daktari wa watu. Baba aliniapisha nisikwambie mpaka jopo lipite, kwa sababu ya yale ya Mama. Shangazi aliniamuru nikwambie, nikashindwa kuvunja kiapo. Nilikaa na karatasi mbele yangu mara nyingi, sikuandika.

Jibu lako la mwezi wa tatu nilimsomea lote. Alilifuata. Hakwenda kupasuliwa.

Juzi nilimsomea kwamba umepita. Alitaka kusimama, akashindwa, akapiga makofi akiwa amelala. Kisha akasema, "Sasa mwandikie." Daktari alikuja jana kumwona hapa nyumbani, kwa hisani yake tu. Anasema uvimbe umeshafika kwenye ini. Anasema sasa hakuna cha kukata.

Njoo, Dada. Njoo unitukane, lakini njoo.

Kitinda

*

Nyumbani
9 Julai 1986

Dada mpendwa, shikamoo,

Nyumba imekuwa kubwa. Watu wa matanga wameondoka wote, Shangazi naye amerudishwa kwake jana na gari la jirani. Alilia njia nzima, dereva ameniambia. Kiti cha Baba nimekiingiza ndani, maana kikikaa uani kila anayepita anakisalimia.

Tulipokuwa wawili hapa sikuweza kukuuliza. Ulikuwa unafua, unapika, unapokea watu, na mimi nilikuwa karakanani. Jeneza nilitaka kulipiga randa mwenyewe. Ukaondoka hatujazungumza. Sasa nauliza.

Kwanza, siku ile Baba alituambia tutoke wote abaki na wewe, mlango ukafungwa. Mlizungumza nini? Nilikuona ukitoka, ukaenda moja kwa moja kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

Pili, nataka ukweli. Kama angepasuliwa siku ile ya mwanzo, angepona?

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Uliuliza kama anacheua. Nilimsomea Baba, akasema, "Andika hacheui, si kweli sicheui?" Nikaandika kwa sababu ilikuwa kweli. Uliposema ng'ombe ameshaaga, ulisema kwa sababu ya kucheua. Je, ni neno langu lile lililomuua? Nimeshika kazi ya mbao tangu utotoni na sikuwahi kukata kipande kimoja bila kupima mara mbili. Hili la Baba nililikata bila kupima.

Usinijibu kwa upole. Nijibu tu.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Chuoni
21 Julai 1986

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yangu,

Nilikuwa na barua nyingine nimekuandikia, nzuri, ya kukufariji, nimeichana. Tumedanganyana vya kutosha katika nyumba ile, kila mtu kwa mapenzi yake. Nitakujibu kama ulivyouliza, ila naanza na la mwisho.

Ndiyo, kucheua ndiko kulikonifanya niseme neno lile. Ungeniandikia anacheua, ningeuliza zaidi, pengine ningesema apelekwe chuoni nimtazame. Hilo siwezi kukuficha. Lakini fikiri, Kitinda. Wewe ni seremala. Baba amesimamia josho maisha yake yote. Ng'ombe wangapi wamepita mbele yake, na neno la kwanza analomuuliza mfugaji ni lipi? Anacheua? Baba alijua nikisikia hacheui nitasema nini. Alijua kabla hujachovya kalamu. Alikupa neno lile ukaliandika, na lilikuwa lake, si lako. Nadhani alikuwa ameshaamua, akataka tu kusikia sauti yangu ikikubaliana naye. Au aliogopa kisu, kama mtu mwingine yeyote, na alikuwa na haki ya kuogopa. Sijui. Sikumuuliza. Ila wewe hukumuua, na nikikusikia unalisema tena nitakuja na fimbo ya Shangazi.

Sasa la pili. Asubuhi ile kabla Baba hajaniita, nilikwenda hospitali ya wilaya. Hukujua, nilisema naenda sokoni. Nilimkuta daktari mpasuaji akinywa chai amesimama. Nikamwambia mimi ndiye yule mtaalamu aliyemshauri Baba. Alielewa. Nilitaka anigombeze, hakunigombeza. Akanionyesha ile picha ya mwezi wa pili, akaishika dirishani kwenye mwanga. Akaniambia utumbo wa mtu si wa ng'ombe, kwamba kipande kile wanakikata na kuunganisha, anakifanya mara kwa mara, na uvimbe ulikuwa bado mahali pamoja. Nikamuuliza angeishi? Akasema, "Daktari, kwa mtu wa umri wake, mwenye moyo mzuri kama ule, ningetegemea miaka." Aliniita Daktari. Nilitamani aniite kitu kingine chochote.

Basi umepata jibu lako. Ndiyo. Kuna uwezekano mkubwa angekuwa amekaa uani sasa hivi na miwani ameikalia. Nimelia kwa hili mpaka mlinzi wa jengo akaja kugonga mlango wa ofisi, akauliza kama nimeumwa na mmoja wa mbwa wagonjwa tunaowatibu. Nikamwambia ndiyo.

Nimebakiza la kwanza.

Nilirudi kutoka hospitali na ile picha bado ipo machoni, na Baba akawatoa nyote. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, Kitinda, hakuna kitu ndani. Akaanza kwa kuniomba radhi kwa ule mchezo wa ng'ombe. Akasema, "Ningekwambia ni mimi, ungenikata hata ukinikuta nimeshafukiwa. Nilitaka neno la daktari, sikutaka la mtoto." Nilitaka kupiga kelele kwamba mimi ni mtoto wako, nilikuwa na haki ya kukosea kwa ajili yako, nilikuwa na haki ya kukubembeleza, kukuvuta, kukupasua kwa ubishi wangu. Nilitaka kumwambia kwamba kumpasua ng'ombe na kumpasua baba ni vitu viwili, na nisingejali darasa wala somo langu la mwaka wa nne.

Halafu akaniuliza. Aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, akanitazama vizuri, akaniuliza, "Lile jibu ulilotoa, bado unalisimamia?"

Aliniuliza vile walivyoniuliza wale wa jopo. Alikuwa anangoja.

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba. Lilikuwa sahihi. Usingefaidika na kisu."

Akarudisha kichwa kwenye mto. Akafumba macho, akatabasamu, akasema, "Basi hawakukosea kukupa uprofesa." Akalala. Nikatoka, nikaosha masufuria.

Tangu nianze kazi hii na sanduku la chanjo, hakuna mtu aliyeniuliza kuhusu mgonjwa wake nikamjibu nisichokiamini. Huyo alikuwa wa kwanza, na aliniamini.

Dada yako